Nimemsamehe, Lakini Mlango Simfungulii

Kwenye magrupu ya WhatsApp ya kwaya na ya jumuiya, hapa Unguja na hata Pemba, kuna ugomvi mmoja haumaliziki. Mtu kakosewa, na si mambo ya kusengenywa, nasema kupigwa, kuibiwa akiba yake, au mtoto wake kuguswa na mtu mzima, halafu akasema "nishamsamehe". Bas, hapo hapo maswali yanamshukia: kama umesamehe mbona hurudi kwake? Mbona umempiga bloku? Mbona kesi bado iko polisi? Na wengine wanaruka upande wa pili kabisa, wanasema huku kusamehe kwa dini ndo kunatufanya majuha, bora kila mtu akae na chuki yake imlinde. Mie naona pande zote mbili zimekosea, tena zimekosea kitu kimoja, zote zinaamini kwamba kusamehe ni kurudi pale pale ulipokuwa.

Sivyo. Na watu wanaumia kwa kutoelewa hilo, kwa hiyo hebu tulifumue taratibu.

Kuna mambo manne hapa ambayo tunayaita yote msamaha. La kwanza ni msamaha wenyewe: wewe uliyekosewa unaacha kulipiza kisasi, unaacha kumuombea mabaya, unamwachia Mungu hukumu. Hili unaweza kulifanya peke yako chumbani, hata kama aliyekukosea kashakufa, hata kama hajawahi kusema samahani. La pili ni upatanisho, na huo mmoja hauwezi, lazima wawe wawili, na yule mkosaji awe amekubali kosa na kugeuka. La tatu ni kuaminiana, hiyo inakuja mwisho na inakuja pole pole, na wakati mwingine haiji kabisa. La nne ni haki, yaani kile ambacho sheria na jamii zinamdai mkosaji kwa alichokifanya, na hicho mara nyingi wala hakiko mikononi mwako.

Biblia inamdai Mkristo lile la kwanza bila ya masharti mengi. La pili inamtaka alitafute kadiri inavyowezekana. La tatu haimlazimishi popote, mie nimetafuta sijaliona. Na la nne hata halifuti.

Yesu mwenyewe alipotaka kuwaeleza wanafunzi wake msamaha alitumia hesabu za madeni, kwa hiyo na mie nitumie hizo hizo. Chukua mwenye duka wa mtaani kwenu, ana lile daftari lake la mkopo lishachakaa, na kuna mtu kamchukulia unga, mafuta na sukari miezi mitatu halafu kapotea njia, akimuona dukani anapita uchochoro wa nyuma. Siku moja mwenye duka kachoka na moyo kumuuma, akafungua daftari akachora mstari, kwisha. Hamdai tena, hamtumii watu, hamtangazi msikitini wala kanisani. Deni limekufa. Sasa wiki ijayo yule mtu kaja, "nipe kilo mbili za mchele ntakulipa Ijumaa". Mwenye duka akimwambia leo toa pesa kwanza, je, kalifufua lile deni? Hapana. Kufuta la zamani ni jambo moja, kufungua jipya ni jambo jengine. Na kama yule mtu hakukopa bali alivunja kufuli usiku, hakuna atakayesema eti mwenye duka kwa kuwa kasamehe basi ampe na ufunguo.

Mengine yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Nije kwenye Mathayo 18 maana hiyo sura ndo inapigiwa kelele kuliko zote. Kila mtu anaijua saba mara sabini, Petro kauliza nisamehe mara ngapi, hata mara saba? Yesu kamwambia saba mara sabini. Mstari wa 21 na 22. Tatizo ni kwamba watu wanaifungua sura pale, kama vile Yesu alianza kusema pale. Rudi nyuma uisome toka juu. Kaanza na watoto, kamweka mtoto mdogo katikati yao, na mstari wa 6 kasema atakayemkosesha mmoja wa hawa wadogo ingemfaa afungwe jiwe la kusagia shingoni atoswe baharini. Hilo ndo la mwanzo, kuwalinda wadogo. Halafu kondoo aliyepotea. Halafu mstari wa 15 mpaka 17: ndugu yako akikukosea, mwendee mkaongee wawili, asiposikia chukua mmoja au wawili zaidi, asiposikia liambie kanisa, na asipolisikia kanisa basi awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru. Yaani kuna mahali Yesu mwenyewe anasema uhusiano unabadilika. Baada ya hayo yote ndo Petro kauliza suali lake.

Na baada ya Petro unakuja mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi, akatoka nje akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo 100 si kitu kidogo, ni zaidi ya miezi mitatu ya kazi, na mie napenda kwamba Yesu hakusema ulichokosewa si kitu. Kilichoharibu mambo ni kule kukaba koo. Hapa sikupunguzii chochote, Mkristo haruhusiwi kukaba koo, haruhusiwi kukaa anangoja siku ya yule mtu kuanguka ashangilie. Hilo ni gumu na linabaki gumu.

Luka kaiweka kwa ufupi zaidi, sura ya 17 mstari wa 3, na neno la kwanza kabisa kwenye mstari ule ni "Jilindeni". Halafu ndo inafuata akikosa mwonye, akitubu msamehe. Kujilinda, kuonya, toba, msamaha, vyote mstari mmoja, sisi tumechukua la mwisho tukaacha matatu.

Sasa niseme kilichonikaa rohoni zaidi. Kwetu huku mara nyingi tunachokiita msamaha si msamaha, ni muhali. Wasio wa huku niwaeleze, muhali ni ile hali ya kuona tabu kumkatalia mtu au kumshitaki kwa kuwa ni jirani, ni mjomba, ni mtu mliyekula naye sahani moja, leo utamtazamaje usoni. Kwenye kesi za udhalilishaji, yaani za ubakaji na unyanyasaji, kila siku tunasikia rushwa na muhali, rushwa na muhali, na Wakristo tunajiona kama hayo ni ya wengine. Muhali wetu tumeuvisha aya tu. Badala ya kusema "naona haya kumshitaki shemeji" tunasema "imeandikwa tusameheane", na hapo nani atabisha?

Kuna kikao kimoja nilikikaa, nyumba ya upande wa mume, kipindi cha kaskazi joto la kufa mtu, na yule dada kavaa mikono mirefu mpaka viganjani. Kila mtu mle ndani alijua kwa nini. Viti vimeazimwa kwa jirani, chai ya rangi na vitumbua vimepangwa mezani, mzee wa kanisa kafungua Biblia na kaanza kusoma, ile ile Mathayo 18, mstari wa 21. Mume kalia. Kalia kweli, makamasi yanamtoka, akina mama wakaanza kusema huyo keshatubu jamani, mwanamme halii bure. Mzee kamgeukia yule dada, "mwanangu, umemsamehe mwenzio?" Dada kasema ndiyo baba, nimemsamehe. Akaambiwa haya, chukua mkoba wako. Kikao kiliisha kabla ya chai kupoa. Yule mume hakuulizwa suali hata moja, si amepiga mara ngapi, si ameanza lini, si atafanya nini zikimpanda tena. Suali pekee lililoulizwa siku ile aliulizwa aliyepigwa.

Mie simlaumu yule mzee kwa roho mbaya, hana roho mbaya. Alichanganya la kwanza na la tatu tu, alisikia msamaha akadhani ameshasikia na usalama.

Tuingie kwenye hoja zinazoletwa kila siku.

Shavu la pili. Mathayo 5:39, akupigaye shavu la kulia mgeuzie na la pili. Wachambuzi wengi wanaonyesha kwamba mtu anayetumia mkono wa kulia akikupiga shavu la kulia kakupiga kwa mgongo wa kiganja, na hilo zama zile lilikuwa kofi la dharau, la bwana kwa mtumwa, si la kukuua. Yaani usijibu tusi kwa tusi. Haisemi jipeleke ukapigwe. Na Yesu mwenyewe alipozabwa kofi mbele ya kuhani mkuu, Yohana 18:22 na 23, hakugeuza shavu, aliuliza: kama nimesema vibaya onyesha huo ubaya, na kama nimesema vizuri unanipigia nini? Walipotaka kumtupa kwenye ukingo wa mlima kule Nazareti alipita katikati yao akenda zake. Walipookota mawe hekaluni alijificha akatoka. Alikubali kufa siku aliyoichagua yeye kwa jambo alilolichagua yeye, hizo siku nyengine zote alikwepa, na wanafunzi wake aliwaambia wakifukuzwa mji huu wakimbilie mwengine.

Halafu Daudi. Wanaotaka watu warudi nyumbani hawamtaji kabisa Daudi, sijui kwa nini. Mfalme Sauli kamtupia mkuki, kamsaka majangwani. Daudi kampata mara mbili, mara ya kwanza pangoni kule En-gedi akamkata pindo la vazi tu, mara ya pili kamkuta amelala akachukua mkuki na gudulia la maji akaondoka. Hakumgusa. Kama huo si msamaha basi sijui msamaha ni upi. Mara ya kwanza Sauli alilia kwa sauti, na mara ya pili ile akasema nimekosa, rudi mwanangu Daudi, sitakudhuru tena (1 Samweli 26:21). Maneno matamu. Daudi kafanya nini? Kamrudishia mkuki wake, tena kasema atume kijana aje auchukue, hakuupeleka mwenyewe. Halafu mstari wa mwisho wa sura unasema Daudi alikwenda zake na Sauli akarudi mahali pake. Na sura inayofuata Daudi kahama nchi kabisa.

Msikilizeni Daudi jamani, kamsamehe mtu kutoka ng'ambo ya bonde.

Yusufu yeye wanamtaja, ila wanaruka nusu ya hadithi. Wanakumbuka kulia na kukumbatiana na ndugu zake Misri, Mwanzo 45. Hawakumbuki sura tatu za kabla yake, ambapo Yusufu kawatambua ndugu zake tangu siku ya kwanza na hakujitambulisha. Kawapa chakula, hata pesa zao kazirudisha kwenye magunia, maana kisasi hakuwa nacho. Lakini kamweka Simeoni kizuizini, katoa masharti Benyamini aletwe, kaficha kikombe kwenye gunia la yule mdogo, yote hayo ni kuwatazama: hawa walioniuza mimi, je, mdogo wao akiingia matatani watamwacha tena? Mpaka Yuda aliposimama akasema nichukue mie niwe mtumwa badala ya mtoto, hapo ndo Yusufu akashindwa kujizuia. Moyo wake ulishawaachia zamani, mlango kaufungua baada ya kuona wamebadilika kwa vitendo.

Suala la kusitiri. Hapa Zanzibar sitara ni jambo kubwa, na Petro kaandika upendo husitiri wingi wa dhambi, kwa hiyo mtu akimtaja mbaya wake anaambiwa mbona unamvua nguo mwenzio. Kusitiri aibu ya mtu ni kutompeleka kijiweni na kumfanya kicheko. Kuficha hatari kwa mtu ambaye hatari hiyo itamfika ni kitu chengine kabisa. Soma 2 Timotheo 4, mistari ya 14 mpaka 16, nadhani ndo mahali pazuri kuliko pote kwa suali hili. Paulo anasema Alexander mfua shaba alimfanyia ubaya mwingi, Bwana atamlipa, halafu anamwambia Timotheo na wewe ujihadhari naye. Kamtaja jina na kazi yake ili asikosewe. Na mstari wa pili yake tu, akiwazungumzia wale waliomkimbia siku ya kesi, anaomba wasihesabiwe hatia. Kisasi kamwachia Bwana, waliomkimbia kawaombea, na mwenzake kamtahadharisha, yote mistari mitatu.

Na kusahau je? "Samehe na usahau" watu wanadhani ni aya, si aya. Nenda Mkunazini, hapo Mji Mkongwe. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na pale pale Askofu Edward Steere na wenzake wakajenga kanisa kuu la Anglikana, na inasemwa altare ilikaa mahali palipokuwa na mti wa kuchapia watu mijeledi. Wakristo wanasali pale, wanapeana amani, kila Jumapili. Hakuna aliyesema kwa kuwa tunasamehe basi tufukie. Kinyume chake, mwaka 1998 uani pakawekwa yale masanamu ya watu wamesimama shimoni na minyororo shingoni. Kumbukumbu ipo na sala ipo, ua mmoja.

Wakatoliki nao wanae Papa Yohane Paulo II. Alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981 uwanja wa Mtakatifu Petro, siku chache baadae kutoka spitali akatangaza amemsamehe aliyempiga, Mehmet Ali Ağca, na Desemba 1983 akamfuata gerezani wakakaa wakazungumza wawili. Picha ile wengi mmeiona. Sasa angalia yaliyofanyika pembeni: Ağca alibaki gerezani Italia mpaka mwaka 2000, na gari ya Papa ikawekwa vioo visivyopita risasi. Hakuna aliyesema vile vioo vimeharibu msamaha.

Ugumu wa kweli uko kwenye polisi na mahakama, na hapa sitaki kupita haraka, maana wanaopinga wana aya yao na si aya ndogo. 1 Wakorintho 6, Paulo anawakaripia Wakristo wanaoshitakiana mbele ya wasioamini, kwa nini msikubali kudhulumiwa tu. Kwetu sisi aya hii inauma mara mbili kwa sababu tuko wachache, kesi ya Mkristo na Mkristo ikifika kwa sheha, yaani kiongozi wa mtaa, mtaa mzima umeshajua, na kuna ile hofu ya kusema tunajiaibisha mbele za Waislamu, wataonaje kanisa. Naielewa hofu hiyo, nimeisikia hata kwa watu wema. Lakini isome ile sura vizuri, Paulo mwenyewe anasema ni mambo madogo, madai ya mtu na mtu, nani kamdhulumu mwenzake mali. Jinai hakuitaja. Jinai kaizungumzia Warumi 13, kwamba mtawala ni mtumishi wa Mungu na hakuchukua upanga bure, tena hiyo inakuja baada tu ya kuwaambia Warumi 12 wasilipize kisasi, yaani usilipize wewe maana yupo aliyewekwa kwa kazi hiyo. Na Paulo alitumia sheria bila haya: walipotaka kumchapa viboko aliuliza kama ni halali kumchapa raia wa Rumi bila hukumu, watu zaidi ya 40 walipoapa kumuua alimtuma mpwa wake akamwambie jemadari na akasindikizwa usiku na askari 200, wapanda farasi 70 na wenye mikuki 200, na mwisho akakata rufani kwa Kaisari. Mtu huyo ndo tunamtumia kumnyamazisha mama aliyevunjwa mkono.

Tena kisheria kosa la jinai si mali yako wewe uliyekosewa. Anayeshitaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka kwa niaba ya serikali, wewe ni shahidi. Kwa hiyo mtu akikwambia "samehe, ifute kesi" anakuomba kitu ambacho hakiko mfukoni mwako, anachokuomba kwa kweli ni usende kutoa ushahidi. Na kesi ngapi zinakufa hivo, mashahidi hawatokei kwa sababu wazee walikaa wakayamaliza kifamilia.

Kwa mtoto hapana mjadala kabisa. Mtoto kadhalilishwa, hakuna kikao, hakuna mchungaji kuitwa kwanza, hakuna kumuuliza mtoto kama amemsamehe anko. Usimuogeshe, nguo alizovaa ziweke zilivyo, mpeleke. Spitali ya Mnazi Mmoja hapa Unguja kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, na Pemba kipo spitali ya Chake Chake, pale daktari, polisi na ushauri vinapatikana pamoja, na dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zina maana ndani ya saa 72 tu, kila siku mnayokaa kikao mnaila siku hiyo ya mtoto. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Namba 116 ya kusaidia watoto ni bure. Tangu 2021 kuna mahakama maalumu za kesi hizi. Mkosaji akitaka kutubu padri atamfuata huko huko rumande, toba haina shida na kuta. Na akitoka siku moja na akarudi kanisani, karibu, akae ibada asali, lakini sandeskuli hafundishi na kwaya ya watoto hasogei, hata ikipita miaka 30, na akiwa katubu kweli mwenyewe hataomba.

Kwa wanandoa Wakatoliki kuna kitu wengi hawakijui, na wakiambiwa wanadhani umekitunga. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1153, inasema mwenzi akiwa anamletea mwenzake hatari kubwa ya roho au mwili, yule mwengine ana sababu halali ya kuondoka, na kama kusubiri ruhusa kunaongeza hatari anaweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Ndoa haijavunjwa, hilo tusichanganye, hawezi kwenda kuolewa kwengine. Ila kulala nyumba moja na anayempiga, hapo Kanisa halimfungi. Kwa hiyo dada aliyekimbilia kwa mama yake Tomondo hajaasi sakramenti.

Na toba ya kweli mtu utaijuaje? Si machozi, machozi hata Sauli aliyatoa. Zakayo alisimama akasema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne, kataja na hesabu. Wakatoliki wanajua kwenye kitubio padri anakuondolea dhambi na bado anakupa malipizi, na kama umeiba unatakiwa urudishe. Ikiwa Mungu akisamehe bado anataka kilichoibwa kirudi, sisi ni nani tuseme yaishe tu? Mie namtazama mtu anasemaje. Akisema "nimekosa lakini na yeye ana mdomo", bado. Akikasirika kwamba hujarudi haraka, bado, tena hapo ongeza kufuli. Anayejuta kweli anakubali kwamba wewe ndo utakayeamua lini, au kama itakuwepo hiyo lini.

Ila na sisi tuliokosewa tusijifiche humu. Siku hizi neno mipaka limekuwa tamu, mtu kanyimwa sahani ya pilau harusini kamnunia shangazi yake miaka, ukimuuliza anasema najilinda. Unajilinda na pilau? Kujitenga ni kwa ajili ya hatari: mtu atakayekupiga tena, atakayekuibia tena, atakayekuvunja akili kwa matusi kila siku. Kukereka si hatari. Mathayo 5:23 bado ipo, ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako acha sadaka yako uende mkapatane, na ugomvi mwingi wa jumuiya zetu ni wa hapo, wa kupigiana simu na kuomba radhi, hauhitaji bloku wala polisi.

Suali ninaloulizwa zaidi na akina mama, tena kwa sauti ya chini baada ya ibada, ni kama wanaweza kupokea Meza ya Bwana wakati hawasemi na yule aliyewaumiza. Jibu langu, na mwenye mashaka amuulize padri au mchungaji wake: kama umeacha kumtakia mabaya, kama akianguka baharini ungepiga kelele aokolewe, kama unaweza kulitaja jina lake kwenye sala hata kwa meno yaliyoumana, nenda kapokee. Hasira zikikurudia usiku si kwamba msamaha wako ulikuwa wa uongo, jeraha linauma tu likiguswa, unasema tena Bwana namwachia wewe, unalala. Warumi 12:18 inasema kama yamkini, kwa upande wenu, mkae kwa amani na watu wote, na upande wako ukishaumaliza huna deni la upande wake. Kama yeye naye yuko kwenye mstari huo huo wa kupokea, kaa nyuma au mbele unapojisikia salama, na mkifika kupeana amani mpe mkono aliye karibu yako.